Tuanze na mwanafunzi, telefone itafuata

Ndugu wenzangu wa lisansi, kila wiki ku magrupe zetu za WhatsApp kunapita tangazo la mafunzo mapya ya ku intaneti. Wanasifu programu, wanasifu video, wanasifu sertifika. Juu ya mwanafunzi, hakuna neno.

Miye nilifuata moja juu ya mnyauko wa ndizi, pamoja na wakulima wa Masisi na Rutshuru. Somo lilikuwa video ya dakika 40, kwa Kifaransa, saa nane za muchana. Saa hiyo mukulima iko shambani. Hata hapa Ndosho, mwenye kuwa na mega mara mingi hana umeme wa kuchaji. Kisha mama mumoja akatuma picha ya muti wa ndizi uliokatwa, unatoka maji ya manjano, akauliza kwa Kiswahili: «Ning'oe shina lote ao nikate muti moja tu?» Hakuna mwenye alimujibu. Ku raporo, waliandika tu: mushiriki.

Na jibu lilikuwa fupi. Mama, kata muti mugonjwa peke yake, chini kabisa. Pitisha panga ku moto mbele ya kugusa mwingine. Lile ua dume linaloning'inia, livunje na kijiti chenye panda, si na panga. Sauti ya dakika moja ingetosha.

Wengine watasema: basi turudie ku radio. Mwaka 2020, shule zilipofungwa sababu ya Covid, Radio Okapi ilipitisha masomo ya «Okapi École». Lilikuwa chaguo nzuri, maana radio inafika fasi mega hazifike. Lakini mtoto asipoelewa, radio inaendelea tu. Kumbe hata chombo cha bei rahisi kinaweza kumusahau mwanafunzi. Kosa ni kuanza na chombo, kikiwa cha bei ao cha bure.

Sisi ba-agronome tunajua hiyo. Hapa kwetu chini ni mawe ya Nyiragongo. Mbele ya kuleta mbegu, unauliza kwanza udongo uko wapi.

Kwa hiyo, wenye kutengeneza mafunzo kati yetu, naomba mambo mawili. Mbele ya kuchagua programu, pigieni wanafunzi kumi: uko na telefone gani, unapata nafasi saa ngapi, unasikia luga gani, shida yako ni gani? Halafu mulipe mutu wa kujibu maulizo. Yule mama hakuomba sertifika. Aliomba jibu, na ugonjwa ulikuwa unaendelea ku shamba lake.