Alama Tupu

Mwanafunzi wa kwetu anaweza kupata sifuri kwenye zoezi la hesabu, kisha akapata ziro mtihani wa kidato cha nne, asijue kwamba kapigwa mara mbili na neno lilelile. Yote mawili ni watoto wa *sifr* ya Kiarabu, yaani tupu, neno walilolitumia wanahisabati wa Kiarabu kufasiri *shunya* ya Wahindi. Sisi tulilipata kwa Waarabu wenyewe. Ulaya lilipita kwenye Kilatini likagawanyika: Waitalia wakatoa *zero*, Wafaransa *chiffre*. Hilo la pili lilianza kama sifuri, likawa tarakimu yoyote, mwishowe likawa maandishi ya siri. Kinachonichekesha ni kwamba leo Waarabu nao husema *shifra*: mwana kaenda Ufaransa, karudi na lafudhi ya ugenini, na nyumbani hawakumtambua.

Zamani Waarabu maandishi ya siri waliyaita *muamma*, kilichopofushwa. Kiswahili kimekaa jirani kabisa na wazo hilo, maana fumbo limetokana na kufumba, kama mtu afumbavyo macho, na anayelijua hulifumbua. Katika karne ya 9 al-Kindi wa Baghdad aliandika jinsi ya kufumbua: hesabu kila alama imetokea mara ngapi, kisha linganisha na herufi zinazojitokeza zaidi katika lugha iliyotumika.

Nilichukua kalamu nikaandika, “Mgeni anakuja kesho asubuhi.” Herufi 24, *a* imetokea mara 4, *u* mara 3, na kila neno limeishia kwa irabu. Badilisha kila herufi kwa alama upendayo, mjuzi wa Kiswahili ataanza na miisho ya maneno, na chai yake haitapoa. Watoto wanaosema kinyume wana ujanja wao: *nimge jaanaku shoke hiasubu*. Sikio hupotea. Karatasi haipotei, kwa sababu herufi ni zilezile, zimehama viti tu.

Makarani wa siri wa Ulaya walilijua tatizo hili, na dawa yao ndiyo inayonifanya niwavulie kofia. Walichomeka alama zisizo na maana yoyote. Ufunguo wa Malkia Mary wa Uskoti, wa mwaka 1586, ulikuwa na alama 23 za herufi, 36 za maneno na mafungu ya maneno, na 4 tupu. Thomas Phelippes, mfumbuzi wa siri wa Waingereza, aliufumbua hata hivyo, na Februari 1587 Mary akakatwa kichwa. Kwa maoni yangu nne zilikuwa chache, lakini wingi si kitu kama mkono ni mzito. Alama tupu ukizipanga mwishoni mwa mistari, zinajitangaza. Ukiziweka kwa nadra, anayehesabu anazipita. Zinatakiwa zifanane na zenye kazi, ziingie katikati ya neno, zijirudie kama zinavyojirudia herufi za kweli.

Nikairudia sentensi yangu. Kila herufi nikaipa alama yake, nikaziunganisha bila nafasi ili miisho isionekane, kisha nikachomeka nyota tupu mara 5, mojawapo katikati ya *kesho*. Sasa alama inayoongoza kwa wingi si *a* tena. Atakayeketi kuzihesabu ataanza na nyota, aiite *a*, na kazi yake yote aijenge juu ya sifuri.