Yule Aliyengoja Maji Yakupwe

Habari za Kilwa, kitabu kilichoandikwa kwa Kiarabu miaka ya 1500, watu wanakisoma kama orodha ya masultani: nani alikalia kiti, nani alimtoa. Sehemu hiyo ni nzuri. Mwandishi hafichi namna maamiri na masultani walivyogombania utawala, na Wareno walipoiteka Kilwa mwaka 1505 waliukuta mji umeshagawanyika.

Lakini kwangu utamu uko mwanzoni. Ali bin Hasan, mtu wa Shirazi, ananunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka chote. Mwenye kisiwa anahamia bara. Siku anarudi kwa vita, kumbe mkondo umeshachimbwa. Anangoja maji yakupwe, hayakupwi, anarudi na majuto. Halafu? Basi, haonekani tena! Hata jina hana, ni kafiri tu. Masimulizi ya Kiswahili ya baadaye ndiyo yanamwita Mrimba.

Sisi tuliovuka kuja Nchelenge tunajua kusimama kwenye ukingo wa maji. Hapa Mwansabombwe, Mutomboko ya kila Julai inasherehekea ushindi wa Walunda, ila Washila walioshindwa bado wana jina lao, wako hapahapa Luapula. Mrimba naye alistahili japo ukurasa mmoja.