Neno "Bado" na Lugha ya Ukale katika Makala za Magazeti juu ya Marikiti

Mwandishi wa gazeti aingiapo Marikiti, soko lililo pembezoni mwa Mji wa Kale wa Mombasa, kando ya Barabara ya Digo, huwa amekwisha kuyachagua maneno yake kabla ya kufika. Hiliki, karafuu na pilipili manga hupewa "haiba ya kale". Wanawake wavaao buibui huwa "taswira ya enzi zilizopita". Aya mbili baadaye, katika makala iyo hiyo, mikokoteni, kupatana bei na uuzaji wa mboga kwa fungu huwa ni mambo "yaliyopitwa na wakati". Swali limpasalo mhakiki ni hili: ni kwa kipimo gani ukale mmoja huwa haiba na mwingine huwa ila?

Yakini si kwa kipimo cha miaka. Buibui, lisifiwalo kuwa la "tangu na jadi", lilienea Mombasa mwanzoni mwa karne ya 20, likichukua nafasi ya shiraa. Leso za kupigwa chapa, ziuzwazo karibu na hapo Biashara Street, asili yake ni mwishoni mwa karne ya 19. Jengo la soko lenyewe ni la zama za Waingereza, na jina "Marikiti" ni neno la Kiingereza lililotiwa irabu za Kiswahili (jambo ambalo wapenzi wa "Mombasa asilia" hawapendi kulitaja). Kupatana bei kuna umri kuliko vyote hivyo, na ndiko kuambiwako kumekwisha siku zake. Kipimo, basi, ni mgeni: kimpendezacho mpita njia mwenye kamera ni cha kale, kimcheleweshacho ni cha kizamani.

Lugha yenyewe humsaidia mwandishi kuficha hukumu hiyo. "Zamani" hutaja wakati. "Kizamani", kwa kupewa kiambishi cha namna, hutaja mwenendo, na mwenendo huweza kulaumiwa. Lakini neno lifanyalo kazi kubwa zaidi ni "bado". Sentensi ya aina ya "wauzaji bado hupima kwa fungu" yaonekana kuwa taarifa tupu. Ondoa "bado", taarifa hubaki vile vile. Kilichotoweka ni dai la kwamba jambo hilo lilipaswa kuwa limekoma. Dai hilo halikuthibitishwa popote, wala msomaji hakupewa nafasi ya kulipinga.

Laiti lingethibitishwa, fungu lingeonekana kuwa na hoja yake. Bei ya nyanya ipandapo, muuzaji huweza kupunguza nyanya katika fungu na kuiacha bei ya fungu pale pale. Mnunuzi mwenye fedha chache hujua tangu nyumbani kwamba atapata kitoweo cha siku hiyo, japo kidogo. Nyongeza atupiwayo kikapuni humfanya arudi kesho. Huo ni utaratibu wa uchumi, na mizani haiufuti.

Haisemwi hapa kwamba mila haifai kulaumiwa. Mombasa imewahi kuwa na mlaumu mkali kuliko waandishi hawa wote: Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932. Yeye alizikemea desturi za watu wa mji wake, bidaa na israfu, lakini alikuwa akiwasemesha wenyewe, kwa lugha yao, na akitoa sababu ambazo wangeweza kuzijibu. Mtu aweza kutokubaliana naye; hawezi kusema kwamba hakuelezwa kosa lake. Makala za siku hizi hazimsemeshi muuza nyanya. Humsemea mtu mwingine habari zake.

Na hapo pana hatari isiyo ya kifasihi. Neno likishazoeleka gazetini, huwa tayari kwa matumizi ya mwenye mamlaka siku atakapotaka meza za wauzaji ziondolewe. Hatahitaji kutoa sababu, maana kivumishi kimekwisha kuitoa kwa niaba yake.

Katika makala za namna hii wauzaji huwa "wao", wengi, bila jina, wakitendewa vitenzi: huonekana, husikika, hupigwa picha. Ni nadra mmoja wao kuulizwa kwa nini anapanga mafungu yake vile, naye akajibu.