Herufi T Haisemi "Ta"

Herufi t haisemi "ta". Wala haisemi "ti", ambalo ni jina lake tu. Inasema kitu kifupi mno ambacho ulimi wetu haujazoea kukiacha peke yake: ncha ya ulimi inagusa nyuma ya meno, pumzi inachomoka, basi. Mwalimu anayewafundisha watoto wadogo kusoma Kiingereza huanza kazi hapo, kwenye kipande cha sauti ambacho ukizubaa hukisikii. Akiteleza na kukiongezea irabu, mtoto ataunganisha "ka", "a" na "ta", atapata kata, ilhali kwenye kadi aliyoshika pana picha ya paka.

Kazi hii haisifiwi. Anayefundisha fasihi sekondari huitwa msomi. Anayefundisha sauti za herufi huonekana kama mlezi aliyepewa chaki. Mimi naona mambo yako kinyume. Fasihi inasomwa na mtu ambaye tayari anasoma.

Wengi wetu tulilelewa kwa silabi, ba be bi bo bu, na silabi zilitutosha. Kiswahili kina irabu tano, na kila irabu huandikwa kwa herufi yake ile ile kokote uendako. Tahajia yetu ya Kilatini ni changa: kamati ya lugha iliyoisanifisha Afrika Mashariki iliundwa 1930. Mtoto akishazimudu silabi anaweza kukusomea gazeti zima, hata habari za hatifungani asizozielewa. Sasa mtoto huyo huyo aambiwe kwamba kuna lugha yenye herufi 26 na sauti zipatazo 44, na kati ya sauti hizo irabu peke yake zinakaribia ishirini. Hat, hut, heart, hurt: kwa sikio lililokulia Morogoro, huenda hilo ni neno moja lililosemwa mara nne. Kisha wanakuja wageni. Q na x hajawahi kukutana nazo, na c aliizoea ikiwa imeshikana mkono na h. Kuiona inatembea peke yake ni jambo la kushangaza.

Ufundi wa kwanza wa mwalimu ni kujua nini cha kuficha. Mbinu ya kufundisha kwa sauti, ambayo walimu wengi huiita foniksi, haiendi a, b, c. Programu nyingi za Uingereza huanza na s, a, t, p, i, n, kwa kuwa herufi hizo sita tu zinatoa sat, tap, pin, nap, tin, ant, hata spin. Kabla ya mwezi kuisha mtoto anasoma maneno kamili, na hakuna hata moja linalomsaliti. B na d hazifundishwi wiki moja, maana ni umbo lile lile lililogeuzwa, na mtoto wa miaka sita hajaona bado sababu ya kitu kubadilika jina kwa kugeuzwa tu. Kikombe ni kikombe hata mkono wake ukielekea kushoto. Majina ya herufi nayo yanasubiri. Wimbo wa alfabeti ni mtamu kuuimba siku ya wazazi, lakini "si-ei-ti" haijawahi kumfikisha mtu kwenye cat.

Ufundi wa pili ni kusema kanuni ambayo hutalazimika kuikana baadaye. Hapa ndipo walimu wanapotofautiana sana. Wako wanaosema Kiingereza hakina sheria, kariri tu. Huo ni uvivu. Wako pia wanaogawa sheria kama pipi. Mwaka 1963 Mmarekani Theodore Clymer alichapisha matokeo ya kuzipima kanuni 45 zilizokuwa zikifundishwa shuleni, baada ya mwanafunzi wake mmoja kumchosha kwa kumletea kila mara maneno yanayozikataa. Ile iliyopendwa kuliko zote, kwamba irabu mbili zikiongozana ya kwanza hutaja jina lake na ya pili hunyamaza, ilishindwa katika zaidi ya nusu ya maneno iliyopimwa nayo. Boat na rain zinatii. Head, said na chief zinapita bila salamu. Namwonea fahari mtoto yule. Alifanya kazi ya mhariri.

Kanuni za kweli zipo, nazo ni nzuri kuzitazama. C ikifuatwa na e, i au y husikika kama s. Ndiyo maana kit inahitaji k, na cat haiihitaji. Sauti ya k mwishoni mwa neno la silabi moja, baada ya irabu fupi, huandikwa ck: back, neck, sock. Halafu kuna e ya mwisho isiyotamkwa. Mwalimu anaandika mad, darasa linasoma. Anabandika kadi ya e mwishoni: made. Kit inakuwa kite, hop inakuwa hope, cub inakuwa cube. Ile e yenyewe haisemi lolote, inaituma tu irabu iliyotangulia itaje jina lake, na sasa yale majina ya herufi yaliyowekwa kando tangu mwanzo yamepata kazi.

Bila shaka kuna mtoto atakayeuliza habari za have na give. Mwalimu asiyejiandaa atasema hayo ni maneno korofi. Mwalimu hodari anajua kwamba Kiingereza hakipendi kabisa kumalizia neno kwa v, kwa hiyo e imewekwa pale kulisitiri. Have haijavunja sheria ya made. Inatii sheria nyingine. Ukimwonyesha mtoto jambo hilo mara moja, kila neno la ajabu atakalokutana nalo ataliuliza sababu yake badala ya kulilaumu.

Sababu nyingine zimo kwenye historia, na mwalimu anafaa azijue hata kama hatazisema zote. K ya knight ilitamkwa zamani. William Caxton alipofungua kiwanda chake cha uchapaji Westminster mwaka 1476, tahajia ilianza kuganda polepole wakati irabu za midomoni zikiendelea kuhama. B ya debt haikuwahi kuwa sehemu ya matamshi ya kawaida ya Waingereza: wasomi waliichomeka ili neno lifanane na babu yake wa Kilatini. Walioongeza herufi kwa ajili ya sifa wamepumzika makaburini, na mzigo umebaki kwa watoto wa darasa la kwanza.

Uingereza ina mtihani mdogo wa kusoma kwa sauti, ulioanza 2012, kwa watoto wa miaka mitano na sita. Una maneno 40, na 20 kati ya hayo si maneno: yamebuniwa makusudi, ili anayekariri ajulikane na anayeunganisha sauti ajulikane. Nikiutafakari mtihani huo nawaona walimu wa kwetu. Mtoto wa London akiunganisha sh, i, p, mwishoni anakuta neno linalomsubiri, alilolisikia nyumbani tangu hajaota meno. Mtoto wa Dodoma anaunganisha vizuri vile vile, anafika, na hakuna mtu nyumbani. Kwake ship ni kama yale maneno ya kubuni. Kwa hiyo mwalimu wetu hulazimika kufanya kazi ambayo mbinu hiyo inachukulia kwamba mama ameshaifanya: kulitia neno sikioni kabla ya kulitia machoni. Anachora meli. Anawafanya waliseme, waliimbe, walipishanishe na sheep huku akivuta mdomo kuonyesha ile irabu ndefu. Ndipo anachukua chaki. Wanaoagiza vitabu vya ng'ambo na ratiba yake wangefaa wakae dawati la nyuma wiki moja.

Kiswahili, hata hivyo, hakimwachi mwalimu mikono mitupu. Huko Kenya mpango wa Tusome, ulioanza 2015, uliweka Kiingereza na Kiswahili sambamba katika madarasa ya mwanzo, na mwalimu mwenye akili huchota huku akamwagilia kule. Th ya think ni ile ya thamani, na th ya this ni ile ya dhahabu; Kiingereza kimezivisha sauti mbili nguo moja, ilhali sisi tuliipa kila moja yake. Ng ya singer ni ng' ya ng'ombe, na ya finger ni ng ya ngoma. Nusu ya kile wanachokiita athari ya lugha mama ni mtaji uliolala.

Ufundi wote huo huonekana jioni, kwenye madaftari ya imla. Mtoto ameandika nait. Mwenye haraka atatia kosa na kugeuza ukurasa. Anayejua anachokitazama ataona n mahali pake, irabu iliyosikika barabara ikaandikwa kwa tahajia ya Kiswahili, na t iliyofungwa safi bila irabu ya kuning'inia, ile t iliyowatoa jasho mwezi wa kwanza. Anatia vema tatu, moja chini ya kila sauti, kisha kandoni anaandika igh.

Kesho yake ubaoni kuna night, light, right na fight, zimepangwa wima ili igh zisimame mstari mmoja. Darasa linasoma kwenda chini, kisha kurudi juu. Mkono unanyanyuka.

"Mwalimu, mbona eight haisemi 'ait'?"

"Umeona vizuri. Hiyo ina e mbele, na ina ndugu zake, weigh na neigh. Tutawaalika muhula ujao. Hebu tuwamalize hawa kwanza: nani ataniandikia might?"