Haki ya Njia na Haki ya Wakfu: Mji Mkongwe wa Unguja Katika Mizani ya Fiqhi

Kila sifa njema ni ya Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash bin Said mwaka 1883 pale Forodhani, iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa. Jumba lilikuwa katika matengenezo yaliyofadhiliwa na Oman, na mafundi wawili walipoteza maisha chini ya kifusi. Tangu siku hiyo mazungumzo juu ya sura ya Mji Mkongwe yamezidi: nini kijengwe upya, nini kibomolewe, njia zipi zipanuliwe, na nani mwenye kauli.

Ndugu msomaji, ukisikiliza vizuri utakuta rai zenye nguvu ni mbili.

Rai mbili na upungufu wake

Wa kwanza wanasema mji huu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, basi usiguswe: milango ya nakshi ibaki, kuta za mawe na chokaa zibaki, vichochoro vibaki kama vilivyo. Wa pili wanasema watu hawali nakshi. Mji unataka hoteli, maduka, maegesho ya magari na majengo marefu, na anayeng'ang'ania ukuta wa jana anawanyima vijana kazi ya leo.

Kila rai ina ukweli ndani yake. Lakini ya kwanza inaupima mji kwa jicho la mgeni mwenye kamera, hata nyumba ikihifadhiwa uso wake na wenyeji wake wakahama, yeye huona imehifadhiwa. Ya pili inaupima mji kwa mfuko wa mwekezaji. Zote mbili zinauliza jengo lionekaneje na lilete nini. Fiqhi inaanza na swali jingine: nani ana haki gani mahali hapa, na nani anadhurika? Hadithi mashuhuri ya kukataza kudhuru na kulipizana madhara, aliyoipokea Imamu Malik katika Muwatta na Ibn Majah katika Sunan yake, ndiyo iliyojengewa mlango mzima wa hukumu za majengo.

Njia ni ya nani?

Wanafunzi wa darsa zetu za pwani wanaisoma Minhaj ya Imamu Nawawi (Allah amrehemu), aliyefariki mwaka 676 Hijria. Wengi hupita haraka katika mlango wa sulhu, ilhali humo ndimo mlimo fiqhi ya mitaa. Anafundisha kwamba njia inayopenya ni haki ya wapitao wote, wala mtu hafanyi humo jambo la kuwadhuru. Roshani inaruhusiwa kutokeza juu ya njia kwa sharti iinuliwe kiasi cha mtu kupita chini yake akiwa amesimama wima. Na ikiwa njia ni ya misafara, iinuliwe mpaka ngamia apite na machela yake mgongoni. Ama kichochoro kisichopenya, hicho ni milki ya wenye milango ndani yake, na mmoja wao hatokezi roshani humo ila kwa ridhaa ya wenzake.

Tazama namna kipimo kilivyowekwa. Hakikuwekwa kwa uzuri wa roshani wala kwa cheo cha mwenye nyumba. Kimewekwa kwa mpitaji mwenye mzigo mkubwa kuliko wote. Leo katika vichochoro vyetu hapiti ngamia, lakini hupita machela ya mgonjwa na jeneza, na panapowezekana hutakiwa kupita gari la zimamoto. Kwa qiyasi, kila kinachowazuia hao kinaingia katika katazo: meza za mkahawa zilizosogezwa mpaka katikati, pikipiki zilizoegeshwa mlangoni pa msikiti, bidhaa za duka zilizomwagwa njiani, na jukwaa la ujenzi lililoachwa miezi na mwenyewe hayupo.

Vipi kuhusu baraza?

Hapa pana jambo ambalo wapenzi wa Mji Mkongwe hawapendi kulisikia. Imamu Nawawi anataja kuwa ni haramu kujenga dakka katika njia inayopenya, na dakka ndiyo hii baraza yetu. Kisha anataja kauli nyingine, tena kwa tamko la kuonesha udhaifu wake, kwamba inajuzu isipodhuru. Baraza iliyo ndani ya mpaka wa mwenye nyumba haina neno. Lakini anayeitetea baraza iliyotoka njiani hana budi kuishika hiyo kauli ya pili pamoja na sharti lake.

Na kwa haki, baraza nyingi zinalitimiza sharti hilo. Mvua ya masika ikijaza njia, watu hupita juu yake. Mzee hupumzika, mwanafunzi husoma, jirani hujua hali ya jirani. Katika hadithi ya Abu Said al-Khudri iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) aliwatahadharisha masahaba na kukaa njiani. Waliposema hawana budi, akawaamrisha waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Baraza inayotoa haki hizo inairudishia njia zaidi ya ilichochukua. Meza ya biashara inayomlazimisha mama aliyebeba mtoto kuzunguka huchukua na hairudishi kitu.

Lakini uadilifu uende pande zote. Hatuwezi kumshikia mchuuzi wa Darajani kauli ya ukali, na mwenye jumba tukamshikia kauli ya wepesi.

Ufa wa wakfu

Nyumba, maduka na misikiti mingi ya Mji Mkongwe ni wakfu, na Kamisheni ya kusimamia wakfu iliundwa tangu 1905, enzi ya himaya ya Waingereza. Kwa hiyo anayezungumzia kuhifadhi mji huu bila kuzungumzia wakfu ameacha nguzo na kushughulikia rangi.

Wanazuoni wamekubaliana kwamba mapato ya wakfu hutangulizwa katika kuuimarisha wakfu wenyewe kabla ya kuwagaia wanufaika, hata kama mwenye kuweka wakfu hakulitamka hilo. Na katika madhehebu ya Shafii msimamizi haruhusiwi kuukodisha chini ya ujira wa mfano. Basi mpangaji anayelipa kodi isiyotosha hata kununua chokaa, naye yuko katika nyumba ya wakfu na ana uwezo, asijione mlinzi wa urithi. Anakula boriti moja moja. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa wakfu ukianguka, thawabu za aliyeuweka zimekatwa na mikono ya walio hai.

Kuimarisha nako kuna elimu yake. Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na boriti zake ni za mikoko. Ukuta wa namna hii huingiza unyevu na kuutoa. Ukiupaka saruji kwa nje unaufungia maji ndani, chokaa inalegea na vichwa vya boriti vinaoza. Msimamizi anayempa kazi fundi asiyelijua hilo kwa kuwa ni rahisi, ameidhulumu amana ingawa risiti zake zote zimetimia.

Kuchukua nyumba kwa maslahi ya umma

Wapo wasemao serikali ina haki ya kubomoa ipendavyo, na wapo wasemao haina haki kabisa. Historia inakanusha yote mawili. Umar bin al-Khattab (r.a.) alipoupanua Msikiti Mtukufu wa Makka mwaka 17 Hijria alinunua nyumba zilizouzunguka. Waliokataa kuuza, nyumba zao zilibomolewa na thamani yake ikawekwa mpaka walipoichukua. Lakini imepokewa pia kwamba alipoitaka nyumba ya Abbas (r.a.) kwa ajili ya Msikiti wa Madina, walihukumiwa na Ubayy bin Kaab (r.a.), na hukumu ikawa dhidi ya Khalifa. Ndipo Abbas akaitoa mwenyewe bure kwa Waislamu.

Mwaka 1988 Baraza la Kimataifa la Fiqhi lililokutana Jeddah liliweka masharti ya jambo hili: fidia ya haki inayolipwa papo hapo, isiyopungua thamani ya mfano, atwae mwenye mamlaka au naibu wake, iwe kwa dharura au haja ya umma, kama msikiti, barabara na daraja, na milki isije ikageuzwa uwekezaji, wa umma au wa mtu binafsi. Sharti hilo la mwisho ndilo kisu. Barabara ya kupitisha watu ni maslahi ya umma. Hoteli hailetwi kwa jina hilo hata ikiajiri watu.

Kwa mizani hiyo zipimwe kazi zote, za zamani na za sasa. Majumba ya Michenzani, yaliyojengwa Ng'ambo baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa ramani za wataalamu wa Ujerumani Mashariki, yaliwapa watu makazi ya kudumu, na yalivunja mitaa iliyokuwa na majirani. Mambo Msiige, nyumba ya karne ya 19 iliyogeuzwa hoteli iliyofunguliwa 2015, ilizusha malalamiko ya Kamati ya Urithi wa Dunia juu ya ukubwa wa jengo jipya lililoongezwa pembeni. Malalamiko ya sura yamesikika mpaka ng'ambo ya bahari. Suala la haki ya wapitao na wakaao jirani lilistahili kuulizwa na sisi kwanza.

Jumba la kumbukumbu

Tukirudi kwa Beit al-Ajaib, hatuoni ubaya kujengwa upya. Lakini Qur'ani inatuamrisha kutazama athari za waliotangulia kwa ajili ya mazingatio, siyo kwa kujifakharisha. Basi jumba likisimama, lisimulie yote: nguzo zake za chuma na taa zake za umeme, mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896, na utajiri wa karafuu uliotoka katika jasho la watumwa. Kumbukumbu inayoficha nusu ya habari ni ushahidi wa uongo uliojengwa kwa mawe. Na isiwe mamilioni yanapatikana kwa jumba la mfalme, na msikiti wa wakfu nyuma yake unavuja.

Mwisho, mali bila daftari hupotea bila habari. Imamu na aandike wakfu wa msikiti wake: mipaka, masharti ya aliyeuweka, mpangaji na kodi. Mwanafunzi na aurudie mlango wa sulhu, kisha atembee mtaani kwake auone. Na mwenye nyumba na atazame kizingiti chake kabla ya kulaumu cha jirani.

Tunamuomba Allah atupe macho ya kuona haki na nguvu za kuitekeleza. Wallahu aalam.