Asili ya "Jipendekeza" na Ushahidi wa Kimeru na Kiembu

Kitenzi "jipendekeza", kwa maana ya kujitafutia upendeleo kwa mtu, hakina fumbo katika umbo lake. Mzizi ni "-pend-", na juu yake vimepandishwa viambishi vya kutendeka na kutendesha: penda, pendeka, pendekeza. Utata umo katika asili ya mzizi wenyewe, na hapo Meru na Embu zina la kusema.

Wameru husema "enda" kwa maana ya kupenda na kutaka. Upendo ni "wendo". Ni rahisi mno kuamua kwamba hilo ni "penda" lililodondosha p, tena kanuni ya sauti yaelekea kuunga mkono: "pafupi", yaani karibu, kwa Kimeru ni "akuĩ", p zote mbili zimetoweka. Lakini mtafiti akiuvuka mto Thuci kuingia Embu, hoja hiyo yavunjika. Kiembu hakiidondoshi p ya kale bali huigeuza v. Neno lao ni "vakuvĩ", na la Wagikuyu ni "hakuhĩ". Laiti mzizi ungalikuwa mmoja, Waembu wangalisema "venda" na Wagikuyu "henda". Wote husema "enda". Basi ufanano wa Kimeru na Kiswahili hapa ni wa bahati tu, na wanaoushikilia wamelinganisha lugha mbili pale zilipohitajika nne. (Guthrie aliziweka lugha hizo tatu za Mlima Kenya katika kundi moja, E50, kuzitenganisha katika hoja kama hii ni uvivu.)

Yabaki maana. Mtu hupendekeza jina la mwenziwe mkutanoni na halaumiwi, akijipendekeza, hudharauliwa. Dharau hiyo haitokani na "ji-" peke yake, maana "jifunza" na "jitegemea" ni maneno ya sifa. Lifaalo kulinganishwa ni "jisifu" au "jikweza", ambamo mtu hujitwalia hukumu iliyo haki ya mwingine kuitoa. "Jikomba" ni kali zaidi: kukomba ni kukwangua mabaki ya chakula chomboni, nayo ni taswira ya njaa, wala haimo katika "jipendekeza". Hayo mawili si visawe kamili, na mfasiri wa Kimeru au Kiembu hana budi kuamua kwanza ni lipi analolifasiri.