Mtu wa Pwani Kwenye Baridi ya Kibo

Sisi wa Mtwara mlima tunausikia kwa jirani. Toka Msimbati, panda mpaka Newala, simama ukingoni uitazame Ruvuma inavyojinyonga kule chini bondeni: vilima vya kwetu umevimaliza, na mita 1,000 hujafikisha. Ndiyo maana kijana wa huku akisema anakwenda kupanda Kilimanjaro, wazee humcheka. Mapafu ya pwani, wanasema, yamezoea joto na chumvi.

Jibu lipo ndani ya safari ile ile iliyofika kilele mara ya kwanza, tarehe 6 Oktoba 1889. Wanaotajwa ni wawili, Hans Meyer wa Leipzig na Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Austria aliyetimiza miaka 40 siku hiyo hiyo. Marangu nako wanamtaja Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye aliyewaongoza, na sherehe za miaka 100 mwaka 1989 zilimpa heshima hiyo. Mimi namfuata mwingine, ambaye vitabu humgusa na kupita: Mwini Amani, mtu wa Pangani. Huyu alibaki na Wazungu wale kwenye kambi ya juu, akiwapikia, siku nenda siku rudi.

Kwanza tuone wengine walikwama wapi. Karl Klaus von der Decken alijaribu mwaka 1861 na mtaalamu wa miamba Richard Thornton, wakaishia chini kabisa kwa mvua. Mwaka uliofuata alirudi na Otto Kersten, wakafika mita 4,300 hivi. Meyer mwenyewe alifika kwenye barafu mwaka 1887, akakuta ukuta asioweza kuukwea kwa vifaa alivyokuwa navyo. Mwaka 1888 hata kuukaribia mlima hakuukaribia: vita vya Abushiri vilikuwa vimewaka pwani nzima, vile vile vilivyowafukuza watu wa kampuni ya Kijerumani huku kwetu Mikindani na Lindi. Meyer na mwenzake Oscar Baumann walikamatwa, wakafungwa minyororo, wakakombolewa kwa fedha. Ndipo mwaka 1889 akapitia Mombasa.

Safari hizo zilishindwa kwa sababu mbalimbali, lakini karibu zote zilikwenda kwa mtindo mmoja: panda, chakula kikipungua au hali ya hewa ikichafuka, shuka. Jaribio moja, basi. Meyer alikuja na hesabu nyingine. Msafara mkubwa aliuacha Marangu kwa Mangi Marealle, akaweka kambi ya kati mwisho wa msitu, na kambi ya juu kwenye mita 4,300 hivi. Watu wakawa wanapanda kutoka Marangu kila baada ya siku chache na chakula kibichi. Akishindwa leo, anarudi kwenye hema lake juu kule kule, anakula, anajaribu tena.

Huku Ruvuma tunajua msafara usio na mnyororo huo wa chakula unavyokuwa. David Livingstone alishuka Mikindani Machi 1866 na ngamia, nyati, nyumbu na punda, askari wa Kihindi na watu wa Komoro, akafuata mto kwenda bara. Nyuma hakukuwa na ghala, na mbele vijiji vilikuwa vimefagiliwa na biashara ya watumwa. Njaa ikawapata, wanyama wakafa, askari wakarudishwa pwani, Wakomoro nao wakamkimbia kabla mwaka haujaisha. Bonde lile halina mwinuko wa kumtoa mtu pumzi. Tumbo ni miongoni mwa yaliyowamaliza.

Turudi mlimani. Tarehe 3 Oktoba Meyer na Purtscheller walitoka kambini usiku wa manane. Kwenye barafu, Purtscheller akitangulia, walichonga ngazi kwa shoka, hatua moja mapigo yapatayo 20. Walifika ukingo wa kreta wakiwa hoi, wakaona kilele chenyewe kiko mbali upande wa kushoto, na saa zimekwenda. Wakageuka. Kwangu mimi hapo ndipo mlima ulipopandwa, pale walipokubali kurudi. Tarehe 5 walilala pangoni, juu zaidi ya kambi, na alfajiri ya tarehe 6 wakazikuta zile ngazi zao bado zipo. Kazi ya saa kadhaa ilikuwa imekwisha fanywa siku tatu nyuma. Kabla saa tano asubuhi walikuwa juu.

Lakini ngazi ni nusu ya maelezo. Nusu nyingine ni damu. Kwenye mita 4,300 hewa ina mgandamizo wa karibu asilimia 60 ya ule wa Mtwara. Kileleni, mita 5,895, ni nusu. Mwili ukilala huko hujirekebisha polepole: mtu huvuta pumzi kwa kina zaidi, figo husawazisha damu, na kadiri siku zinavyopita chembe nyekundu huongezeka. Meyer na Purtscheller walikaa siku 16 juu ya mita 4,000, wakakijaribu na kilele cha pili, Mawenzi. Mwini Amani naye alikuwa huko, mahali ambapo maji huchemka kwenye nyuzi 86 hivi na maharage hukataa kuiva. Mtu wa Pangani, mzaliwa wa usawa wa bahari kama sisi!

Wazee wetu, basi, wamekosea hesabu. Mji wa Moshi wenyewe haufiki mita 1,000, sawa na Newala, na mwinuko huo haumwandai mtu kwa chochote. Mkazi wa Moshi na mkazi wa Mikindani wakifika getini Marangu wako sawa. Kinachowatenganisha ni usiku wangapi watalala juu.

Hapo ndipo ninapozilaumu safari za haraka za siku hizi. Njia ya Marangu kwa siku tano inakulaza kwenye vibanda vya Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, kisha Kibo 4,720, na usiku ule ule unaamshwa kwenda kileleni. Ushauri wa kitabibu ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku. Hapa zinapandwa 1,000. Anayetoka Mtwara, akiwa amekwisha lipa nauli ya zaidi ya kilomita 1,000, aongeze fedha ya usiku wa pili Horombo. Siku hiyo apande mpaka Mawe ya Pundamilia, ashuke alale. Kichwa kikiuma bila kutulia, asipande zaidi. Akianza kuyumba kama mlevi, au akikosa pumzi hali amekaa, ashushwe usiku huo huo, kilele kiwe karibu kisiwe karibu.